Nilishindwa kusema, nikaanza na pindo la leso: uzi kwa watu wazima waliodhulumiwa utotoni (Mombasa)

Leso_Ya_Pili
Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Kabla hujaendelea, tafadhali: uzi huu unahusu watu wazima waliodhulumiwa kingono wakiwa watoto. Sitasimulia kitendo chenyewe. Lakini kama moyo wako hauko sawa usiku wa leo, ufunge, uurudie mchana ukiwa na mtu karibu. Utaukuta hapa hapa.

Nina miaka 38, mama wa watoto wawili. Nimezaliwa Kibokoni, siku hizi naishi Kisauni. Tangu nikiwa na miaka 8 hadi 11 nilichezewa na mtu aliyekuwa akila nasi sinia moja. Sikumwambia mtu. Si kwamba sikutaka. Kila nilipojaribu, koo lilikaza, maneno yakageuka mate, nikameza. Mamangu amefariki bila kujua.

Kwetu pwani nimeona manusura akipewa njia mbili tu. Ama akae kimya awasitiri wenziwe, ama asimame aseme yote mbele ya watu. Na neno tunalolitumia nalichukia: "ameharibiwa". Kitu kilichoharibika hutupwa. Mimi sikuharibika. Mimi nilifanyiwa.

Mwaka juzi usingizi ulinikimbia kabisa, presha ikapanda, daktari akanishauri nionane na mshauri nasaha. Yule wa kwanza aliniketisha mbele ya meza na kuniambia nianze mwanzo, nisiache kitu. Nilijilazimisha. Nilirudi nyumbani, siku tatu sikuweza kumwogesha mwanangu mdogo kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Nikakatiza, miezi minane sikurudi kwa mtu.

Wa pili ni mama mmoja mwenye chumba ghorofani, upande wa Tudor. Nilikuta meza ndefu, karatasi za manila, penseli, krayoni, magazeti ya zamani, makasi, na bakuli la udongo lililofunikwa kitambaa kibichi. Akaniambia, "Hapa huna deni la kunieleza chochote. Chukua kile mkono wako unachokitaka." Nikachukua penseli. Saa nzima nilichora mistari ya kusimama, mmoja baada ya mwingine, tena kwa rula. Wiki ya pili mistari. Ya tatu mistari. Ya nne nikasita katikati, nikaona ninachokichora: nondo za dirisha la chumba kile. Hakuniambia yeye. Niliona mwenyewe. Akanisubiri nivute pumzi, kisha akauliza dirisha hilo ningependa liwekwe nini. Nikaliwekea pazia. Basi, tukaishia hapo siku hiyo. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri, jambo lililokuwa halijanitokea kwa muda mrefu.

Baadaye akanipa karatasi kubwa akaniambia nitengeneze leso yangu. Leso mnaijua: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maandishi ya chini. Nilianza na pindo. Miezi miwili nilikuwa kwenye pindo tu, jeusi na jekundu, nikiliongeza na kuliongeza hadi mji ukabaki kama kiganja. Akaangalia akasema, "Pindo hili linafanya kazi kubwa." Nililia kilio ambacho sijui kilitoka wapi. Kwa sababu ndivyo nilivyoishi: mlango nafunga mara tatu, nguo juu ya nguo, ukali kwa watoto, na ndani pamebaki kiganja kimoja cha nafasi.

Jina sikuliandika. Miezi minne mahali pa jina palikaa patupu na yule mama hakunihimiza hata siku moja.

Nawaza mara nyingi kwamba sisi watu wa leso jambo hili halikupaswa kutushangaza. Bibi zetu walijibu mke mwenza, jirani na hata mume kwa leso waliyojitanda, mdomo umefungwa. Lisilosemeka huvaliwa. Nauliza: kuna mwingine humu aliyepitia njia hii ya sanaa? Na mwenye ujuzi, atufafanulie inavyofanya kazi.

Fundi_Likoni
Dadangu, nimesoma mara tatu nikiwa ndani ya feri na nimeshuka bila kujua tumefika. Mimi ni mwanamume wa miaka 44. Nilikuwa na miaka 10. Hii ndiyo mara ya kwanza naandika sentensi hiyo popote. Sina zaidi kwa leo.

Leso_Ya_Pili
Kaka, hiyo sentensi inatosha. Nakuamini. Halikuwa kosa lako.

Bin_Majengo
Pole sana dada, Mola akupe wepesi. Nauliza kwa heshima, si kwa kukubishia. Haya mambo ya kuchora si ya watoto wa chekechea? Na la pili, wengi wetu tumelelewa tukijua kuchora viumbe wenye roho kuna makatazo. Mtu mwenye kushika dini yake afanyeje?

Leso_Ya_Pili
Umefanya vyema kuuliza, kwa sababu hilo lilinizuia hata mimi mlangoni. Nilimwambia yule mama siku ya kwanza kuwa sichori watu. Akasema hakuna anayelazimishwa. Hadi leo sijachora uso hata mmoja. Nimechora mistari, dirisha, maji, rangi tupu, nakshi. Tembea Mji wa Kale uangalie milango: maua, minyororo iliyochongwa pembeni mwa fremu, duara ndani ya duara. Wazee waliweka mengi mle bila kuchonga jicho. Kwa undani wa hukumu muulize mwalimu unayemwamini.

Kuhusu chekechea: mimi niliyeumizwa nilikuwa mtoto. Haikuniaibisha kumpa krayoni.

Mshauri_wa_Kisiwani
Nimekuwa mshauri nasaha hapa Mombasa kwa muda, na nimesomea kutumia sanaa katika tiba. Niruhusuni niandike kwa urefu.

Tiba ya sanaa haikuanzia darasani. Ilianzia kitandani. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill aliugua kifua kikuu, akalazwa mwaka wa 1938, na kule hospitalini akachora ili asizame katika mawazo, kisha akaanza kuwachoresha wagonjwa wenzake. Ndiye aliyeipa kazi hii jina la tiba ya sanaa mwaka wa 1942. Miaka hiyo hiyo Margaret Naumburg alikuwa akiijenga Marekani. Na kuna Friedl Dicker-Brandeis, aliyewafundisha watoto kuchora ndani ya Terezín, kambi ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hadi alipouawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka wa 1944. Aliacha masanduku mawili ya michoro ya watoto wale, ipatayo 4,500. Edith Kramer, mmoja wa walioianzisha fani hii Marekani, alikuwa mwanafunzi wake. Kwa hivyo, ndugu Bin_Majengo, asili yake ni watu waliokuwa na jambo zito kuliko maneno.

Kwa nini mikono hutangulia ulimi? Mwaka wa 1996 watafiti wa Boston walichapisha picha za ubongo wa watu 8 wenye msongo wa kiwewe, yaani athari zinazobaki akilini na mwilini baada ya tukio la kutisha, zilizopigwa wakati wakisomewa habari ya yaliyowafika. Sehemu za hofu na za kuona zilichemka, ilhali eneo la Broca, linalounda maneno, lilipoa. Watu 8 ni wachache, msilifanye neno la mwisho. Lakini linalingana na anachokisema Leso_Ya_Pili kuhusu koo kukaza. Haukuwa udhaifu wa moyo. Kumbukumbu ya kiwewe hukaa zaidi kama picha, harufu, uzito mwilini. Kuidai ije kama hadithi yenye mwanzo na mwisho ni kuidai ije kwa mlango ambao umefungwa.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo wengi hukosea. Tangu 1978, wataalamu wawili wa tiba ya sanaa, Kagin na Lusebrink, walipoandika juu yake, tunajua kwamba vifaa si sawa. Penseli, krayoni na mbao hukutii: mstari unakaa ulipouweka. Rangi ya maji na udongo mbichi hukimbia, hupaka, hushika mwili. Mtu ambaye utotoni hakuwa na mamlaka hata juu ya ngozi yake, ukimtumbukiza mikono kwenye udongo wa utelezi siku ya kwanza unaweza kumrudisha kule kule. Ndiyo maana dada alipochagua penseli na rula, mshauri wake alimwachia. Alikuwa akijipatia usukani. Picha za kukata magazetini kwa makasi zinawafaa wanaosema "mimi sijui kuchora", kwa vile picha imeshachorwa, kazi yako ni kuchagua.

Kuna mpangilio pia. Daktari Judith Herman aliueleza mwaka wa 1992 na wengi tunaufuata: kwanza usalama, ndipo kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu na maisha. Siku za mwanzo mtu huchora mahali anapopumua vizuri. Huwa anatengeneza kisanduku chenye kifuniko, kila kilicho kizito kinawekwa humo na kubaki ofisini, asiende nacho nyumbani. Yule mshauri aliyetaka yote siku ya kwanza aliruka ngazi ya chini, na dada akaanguka. Nakuomba radhi kwa niaba ya fani yetu.

Na nikiri mipaka. Tafiti za tiba ya sanaa kwa manusura ni ndogo ndogo. Zenye uthibitisho mwingi zaidi ni tiba za mazungumzo zilizotengenezwa mahsusi kwa kiwewe. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, Marekani, wa 2016: watu wazima 39 walifanya sanaa kwa dakika 45, na kwa robo tatu yao homoni ya msongo, kotisoli, ilipungua, awe fundi wa kuchora au la. Lakini hao walikuwa watu wa kawaida. Mimi naitumia sanaa pamoja na mazungumzo. Kwa wengine ndiyo daraja la kufikia mazungumzo.

Ummu_Wawili
Mimi nataka kuonya. Niliona video kwenye simu, nikanunua rangi pale Mwembe Tayari, nikafunga mlango usiku nikajiambia leo natoa yote. Nikachora yote. Nilichokiona kwenye karatasi kilinitoa mwilini mwangu. Niliketi chini sijui saa ngapi, nikazinduka mtoto anagonga. Nilichoma karatasi jikoni na tangu hapo sijashika rangi. Nilidhani mimi ndiye sifai.

Mshauri_wa_Kisiwani
Unafaa, dada. Ulibeba peke yako mzigo wa watu wawili. Likikujia tena: kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, shika kitu baridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, taja tarehe ya leo na umri wako wa leo. Kunywa maji polepole. Umri ni muhimu, kwa kuwa mwili hudhani ungali mtoto.

Ukitaka kushika rangi ukiwa nyumbani, iwe mchana, dakika kumi, na usichore tukio. Chora duara, lijaze rangi unazozipenda, usimame. Tukio lingoje uwe na mtu aliyefunzwa.

Na hili nawaambia wote: mtu yeyote atakayetazama mchoro wako akakwambia "hii inaonyesha ulinajisiwa", ondoka. Mchoro si eksirei. Maana yake unaitoa wewe. Kumbukumbu isiyokuwepo inaweza kupandwa kwa maswali mabaya, na hilo ni dhuluma nyingine.

Ummu_Wawili
"Taja umri wako wa leo." Nimelijaribu sasa hivi. Nina 33. Shukran.

Wakili_wa_Bahari
Swali limenijia inboksi mara mbili tangu uzi huu uanze, acha nilijibu hapa kwa ufupi. Je, kesi inakufa miaka ikipita? Hapana. Makosa mazito ya jinai Kenya hayana muda wa kuisha. Yaliyotendeka kabla ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu iliyokuwapo. Na kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake katika makosa ya kingono, ikiridhika kwamba anasema kweli na iandike sababu zake. Ugumu upo, miaka mingi ikipita ushahidi unapungua, sitawadanganya. Michoro ya tiba isiende mahakamani kama uthibitisho, kwa sababu alizozitaja mshauri. Kushtaki ni hiari yako wewe mtu mzima. Isipokuwa ukijua yule mtu sasa hivi yuko karibu na watoto wengine, hapo tuzungumze haraka.

Leso_Ya_Pili
Kwangu mimi amekwisha kufa. Nilikwenda hadi Kikowani kutazama kaburi lake na sikuhisi kitu. Hakuna aliyenipa hukumu. Nayataja kwa sababu najua kuna wenye hali kama yangu, wanaojiuliza sasa wapone kwa nini na mtu mwenyewe hayupo. Pindo langu lilikuwa bado linajengwa wakati yeye yuko chini ya mchanga.

Mwalimu_Changamwe
Jamani gharama? Na tukienda hospitali hatutaambiwa tumekwenda Port Reitz? Mnajua hapa mtu akitajwa Port Reitz mtaa mzima unamwita mwendawazimu.

Mshauri_wa_Kisiwani
Hilo la Port Reitz linaua watu, nalisema wazi. Ni hospitali kama nyingine, yenye wodi ya magonjwa ya akili, na kulala mle si fedheha.

Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi tunaiita Makadara, ina kituo cha manusura wa ukatili wa kijinsia tangu 2007. Kiliundwa zaidi kwa dharura, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, lakini mtu mzima mwenye jambo la zamani akiuliza ushauri nasaha huelekezwa. Simu 1195 ni ya bure kwa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto, ukiwa na wasiwasi na mtoto yeyote leo. Kwa washauri binafsi, ulizeni usajili; Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ipo tangu 2014. Waliosomea tiba ya sanaa yenyewe ni wachache sana hapa kwetu, kwa hivyo muulizeni mtu bila kuona haya: umefunzwa wapi, umefanya kazi na manusura, nikitaka kusimama utasimama? Bei wengi wetu hupunguza ukisema hali yako. Vifaa ni rahisi. Karatasi, krayoni, magazeti, vipande vya leso alivyovitupa fundi cherehani.

Na kwa kaka Fundi_Likoni kama bado unasoma. Utafiti wa kitaifa wa 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24: wasichana 32 kwa 100 na wavulana 18 kwa 100 walisema walipata ukatili wa kingono kabla ya kufikisha 18. Ule wa 2019 ulipata asilimia 15.6 kwa wasichana na 6.4 kwa wavulana. Hao ni waliosema. Ndani ya feri moja ya saa moja asubuhi, hukuwa peke yako.

Fundi_Likoni
Bado nasoma. Mimi ni fundi wa boti. Kuchora siwezi, vidole vimekwisha kuwa vigumu. Mbao inahesabika?

Mshauri_wa_Kisiwani
Inahesabika sana. Mbao haikukimbii na unajua tabia yake kuliko mimi. Swali moja tu, nijibu kwa ukweli, hapa au inboksi: kuna siku unawaza kujidhuru? Kama zipo, patasi na msumeno vikae kwa karakana yenye watu, usichonge peke yako usiku, na tuonane kabla hujaanza.

Fundi_Likoni
Zilikuwapo zamani. Sasa hapana. Nimekuandikia inboksi.

Bin_Majengo
Nilikuja na shaka, naondoka na jambo la kufanya. Nina dada ambaye tangu utotoni hataki kulala chumba chenye mlango wazi, na sisi nyumbani tulikuwa tukimcheka. Sitamuuliza kitu. Nitamnunulia komeo kesho.

Leso_Ya_Pili
Usimuulize, ni kweli. Komeo tu. Atajua.

Wengine wameniuliza inboksi kama jina la leso nimeshaliandika. Nimeliandika, mwezi wa Shaaban. Maneno manne. Nilimsomea mume wangu kwanza, akanyamaza kwa muda, akaenda kunipikia chai. Mengine sitayaandika hapa. Niliyoyafanya na mji ndiyo nataka kuyasema: sikulifuta pindo jeusi. Nilichukua karatasi nyingine kubwa zaidi, nikaigundisha ile ya kwanza katikati yake, na sasa nachora nje ya pindo. Kuna maji ya buluu pembeni, kule karibu na Mama Ngina ninapowapeleka watoto kula mihogo ya kukaanga. Haijakwisha.

Fundi_Likoni
Ni wiki ya tatu tangu niandike hapa. Nimeonana na mshauri mara mbili.

Nilikata kipande cha mwembe kilichobaki kwenye boti ya mteja. Nilidhani nitachonga dau. Mikono ikachonga mlango mdogo, urefu wa shubiri, wenye bawaba na komeo. Komeo nimeliweka kwa ndani. Nilipomaliza niliketi pale karakana nikitoka jasho kama niliyebeba jahazi.

Nikauweka juu ya kabati bila kusema kitu. Mke wangu akauona, akauchukua, akaugeuza. Akaniuliza, "Huu unafunguliwa kutoka wapi?" Nikamwonyesha. Akaurudisha polepole, upande ule ule nilioupanga.

Kesho saa 4 nina miadi ya tatu. Nitavuka nao.

Leso_Ya_Pili
Uufunge kwa kitambaa, kaka. Feri ya saa hiyo watu hubanana, usije ukakwaruzwa.